Uzoefu Wangu na Tanga la Marudufu Lililoshonwa kwa Mkono Lamu

Mimi na mume wangu ni wastaafu. Nilifundisha Sayansi Kimu kwa miaka 31, naye alifanya kazi katika idara ya uvuvi, na tangu tuanze kupokea pensheni tumekuwa tukitembea visiwa vya Lamu kwa mashua yetu ya futi 22, wawili tu, bila baharia wa kuajiriwa. Ninaandika kuhusu tanga la marudufu, yaani kitambaa kizito cha pamba, tulilolishonesha mwaka jana kwa sababu nilipokuwa nikitafuta ushauri kabla ya kulipa, kila niliyemuuliza aliniambia aidha kwamba matanga ya kitambaa yamepitwa na wakati, au kwamba ya plastiki hayafai kabisa, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kunieleza tofauti ambayo watu wawili waliopita miaka 60 wangeihisi mikononi.

Tanga letu la awali lilikuwa turubai la plastiki tulilolinunua dukani na kulikata wenyewe. Lilikuwa jepesi, halikunywa maji, na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini tulilikata bapa kama shuka, likawa halina tumbo la kushika upepo, na jua lilianza kulila kabla halijatimiza mwaka. Mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado na nguvu, lilipasuka kuanzia ukingoni hadi katikati tulipokuwa tukikaribia kijiji cha Kipungani, na mume wangu akalazimika kuishikilia mashua kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, katika maji mafupi mpaka wavuvi waliokuwa wakirudi nyumbani walipotuvuta. Siku ile tuliamua kutotumia tanga la plastiki tena.

Fundi tuliyemwendea hufanyia kazi Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi na usukaji wa mikeka. Mambo hayo mawili hayako mbali kama mtu anavyoweza kudhani, kwa kuwa mitepe ya zamani, vile vyombo vilivyoshonwa mbao kwa kamba bila msumari, ilisafiri kwa matanga ya mkeka. Fundi hakuchora chochote kwenye karatasi. Alikuja Lamu mjini, akapanda mashuani, akapima mlingoti na foromali, ule mti wa juu unaoshikilia tanga, kwa uzi aliokuwa akiupiga mafundo, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna muuza turubai aliyewahi kuniuliza: “Mama, ni nani atakayetweka?” Nilipomwambia kwamba watakaolipandisha tanga ni mimi na mzee wangu peke yetu, alifungua fundo moja na kulifunga tena chini kidogo. Alilipunguza tanga ili liwe la watu wawili. Kwa maoni yangu, uamuzi ule wa dakika moja ndio uliostahili malipo yote.

Kitambaa kilikuwa marudufu ya pamba, mita 38, na gharama yake pamoja na kamba, uzi na ufundi ilifika shilingi 41,000. Turubai letu halikuwa limefika hata robo ya fedha hizo. Tuliahidiwa wiki tatu, kazi ikachukua wiki tano, na katika wiki hizo mbili za ziada tulikwenda Matondoni mara mbili na kukuta tanga bado liko vipande vipande. Ningependa kuambiwa mapema, maana kusubiri si tatizo ikiwa mtu anajua anasubiri hadi lini.

Lilipokamilika, nililikagua kama nilivyokuwa nikikagua kazi za wanafunzi wangu wa mtihani. Vipande vimepangwa sambamba na ukingo wa nyuma, kingo zake zimelaliana na kushonwa mara mbili, na uzi wote umepakwa nta. Nilihesabu mishono minne katika kila inchi, na sikuona mahali ambapo mkono ulichoka na kurefusha mshono. Jambo lililonivutia zaidi ni kamba iliyozungushwa pembeni. Kitambaa kimekusanywa kidogo sana kinaposhonewa kwenye kamba hiyo, kiasi kwamba jicho halioni mikunjo, lakini upepo unapovuta, kamba ndiyo inayobeba mzigo wala si kitambaa. Tumbo la tanga nalo limetokana na mishono kupanuliwa na kupunguzwa kidogo kidogo, kama vile mshonaji anavyotoa umbo la kifua katika gauni. Nilifundisha jambo hilo kwa miongo mitatu bila kufikiri kwamba linasafirisha watu baharini.

Fundi alitupa masharti kabla ya kutuachia. Wiki za kwanza tusilivute kwa nguvu kwenye foromali, tutembee nalo katika upepo mwepesi tu, na tusilikunje likiwa na maji. Tulitii. Mwezi wa Oktoba wote, kusi likiwa limekwisha kulegea, tulikwenda na kurudi baina ya Lamu na Shela, na kila jioni tulilegeza kamba kabla ya kutua tanga. Kufikia mwisho wa mwezi kitambaa kilikuwa kimetulia katika umbo lake, na ile mikunjo ya pembe ya juu iliyonitia wasiwasi siku ya kwanza ilikuwa imejifuta yenyewe.

Katikati ya Novemba tukang'oa nanga kwenda kisiwa cha Kiwayu. Tulichagua siku za bamvua, yaani za maji makubwa, kwa ajili ya mkondo wa Mkanda, ambao unapita kati ya kisiwa cha Manda na bara katikati ya mikoko, na ambao chombo kinapaswa kuupita maji yakiwa yamejaa. Kwa kuwa siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, anayechelewa saa moja au mbili anaweza kukesha juu ya tope. Humo ndani upepo hukatwa na miti, nasi tulikuwa tumezoea kutumia upondo kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari hii tanga lilikamata hata pumzi ndogo zilizopita juu ya mikoko, na tulitumia upondo mara mbili tu. Turubai la plastiki lingekuwa linapigapiga mlingoti kwa kelele na mashua imesimama. Tulipotokea Ghuba ya Manda, mume wangu alikaa macho upande wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, kwa sababu meli kubwa haiwezi kumkwepa mtu wa tanga. Ghuba ilikuwa tupu, na matlai, upepo utokao mashariki, ikatuvusha kwa utulivu mpaka upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate.

Katika mji wa Siyu, huko Pate, tulikaa siku tatu, moja zaidi ya tulivyopanga. Mlango wake wa mikoko hauingiliki ila maji yakijaa, nasi tulipokuwa tukitoka tulikosea hesabu. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, lakini sisi tulitumia saa za jana yake, tukaondoka mapema mno, tukakaa juu ya fungu la mchanga kusubiri maji yapande. Hata hivyo, kukaa kwetu Siyu kulilifaa tanga. Nilikuwa nimegundua kwamba mahali ambapo kitambaa husuguana na mlingoti pameanza kutoa manyoya, na mji ule, mbali na ngome yake, una mafundi wa ngozi tangu zamani. Nilinunua kipande cha ngozi laini chenye urefu wa mkono, nikakishonea mahali hapo pande zote mbili kwa sindano ya tanga. Ningemshauri kila anayeshonesha tanga la pamba aombe ngozi hiyo iwekwe tangu mwanzo. Fundi wetu hakuiweka, na alipoiona baadaye alikubali kwamba ilihitajika.

Mvua ya vuli ilitukuta baina ya Faza na Kizingitini, miji mingine ya Pate, na hapo ndipo tanga hili lilipoonyesha udhaifu wake mkubwa. Marudufu yaliyolowa ni mazito mno. Tulilazimika kutua tanga wakati wa dhoruba fupi, na kulitweka tena likiwa na maji kulituchukua sisi wawili nguvu zote tulizokuwa nazo, tukipumzika mara tatu kabla foromali haijafika juu. Aidha pamba ikilowa hujivuta, kwa hiyo kamba zinazolifunga kwenye foromali zisipolegezwa mara moja, kitambaa hukaza mpaka mishono ikalia. Siku hiyohiyo tundu moja la pembe ya chini, mahali pa kufungia demani, kamba ya kuongozea tanga, lililegea na kutoka nusu. Nililishona upya usiku kwa mwanga wa taa ya mkononi, na tuliporudi fundi alilirekebisha pamoja na lile la pembe ya mbele bila kudai hata shilingi.

Tatizo jingine ni ukungu. Usiku mmoja tulililaza likiwa na unyevu kwa sababu tulichoka, na asubuhi yake madoa meusi yalikuwa yameanza kutokeza kwenye mikunjo. Nililisugua kwa maji baridi na kulianika juani Kiwayu kutwa nzima. Madoa hayakuongezeka, ila hayakutoka.

Kiwayu kwenyewe, kisiwa chembamba kilicho ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, tulikaa siku nne kwa utulivu mkubwa. Tulikula samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa wenyeji wetu Wabajuni, ambao walikuja kulishika tanga kwa vidole, wakalivuta, na wazee wao wakatusimulia matanga waliyokulia chini yake. Mmoja wao alimuuliza mume wangu kama kweli mkewe ndiye anayeshika usukani. Ni kweli. Yeye ana mikono ya kamba, mimi nina subira ya usukani.

Tuliporudi, kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, nasi tukawa nayo mgongoni. Hapo nilielewa tumbo la tanga lilikuwa la nini. Mashua haikuwa ikivutwavutwa kwa mishtuko kama zamani. Ilikwenda kwa mwendo mmoja, usukani mwepesi kiasi kwamba niliushika kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa chungu kwa mwingine, na mume wangu alilala usingizi mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya chini ya lile turubai. Safari ilichukua siku 12 kwa jumla, na hakuna mshono uliofumuka isipokuwa tundu nililolitaja.

Kwa anayetoka kuvua kila alfajiri na kurudi akiwa amechoka, bila mahali pa kuanikia, sitamshauri anunue tanga hili. Litaoza mikononi mwake, na plastiki itamfaa zaidi. Lakini kwa watu wenye muda, walio tayari kulitunza kama nguo ya thamani, na hasa wale ambao nguvu zao si za ujana, ningewaambia wasiogope bei. Wamwendee fundi atakayekuja kuiona mashua yenyewe, na wamweleze ukweli kuhusu idadi ya watu watakaotweka.

Sisi tumekwisha kumrudia fundi wetu. Tunataka tanga la pili, dogo zaidi, la kutumia wakati wa kusi, kwa maana hili ni kubwa mno kwa upepo wa Julai na hatutaki kulipima kwa hatari. Amekuja tena na uzi wake wenye mafundo, ameahidi wiki tano badala ya tatu, na safari hii ngozi imo katika hesabu.