Makumbusho ya Vemork, Norwei: chini ya vifusi, chimbuko la makomando

Anayetaka kuelewa jinsi nchi ndogo inavyopata makomando wake aende Vemork, karibu na mji wa Rjukan, asimame katikati ya daraja la kuning'inia na kutazama korongo lililo chini yake. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943, Wanorwei tisa waliteremka korongo hilo na kulikwea upande wa pili, kwa kuwa Wajerumani, waliokuwa wameikalia Norwei katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliweka walinzi darajani wakiamini kwamba kwingine hakupitiki.

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1911. Mitambo ni mikubwa na inapendeza, ila mimi niliipita haraka. Kinachostahili nauli yote ni chumba cha chini ya ardhi, kilichofukuliwa kutoka kwenye vifusi vya jengo lililobomolewa mwaka 1977, na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2022. Humo ndimo Wanorwei wale tisa walimotega vilipuzi vilivyomwaga takriban kilo 500 za maji mazito (maji yenye aina nzito ya hidrojeni), ambayo Wajerumani waliyahitaji kwa utafiti wao wa nyuklia, kisha wakaondoka bila kufyatua risasi hata moja.

Walikuwa askari wa Kompani Linge, kikosi cha Wanorwei kilichoundwa Uingereza mwaka 1941. Askari wahandisi wa Uingereza walikwisha kujaribu Novemba 1942 kwa ndege zisizo na injini. Zikaanguka, na walionusurika wakauawa. Ushujaa haukuwapungukia. Walichokosa ni kile alichokuwa nacho Joachim Rønneberg, kiongozi mwenye umri wa miaka 23, pamoja na wenzake: theluji na milima waliyoizoea tangu utotoni. Watano kati yao walikimbilia Uswidi kwa skii, safari ya kilomita 400 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norwei ilipohitaji watu wa kulinda mitambo yake ya mafuta baharini dhidi ya magaidi, kikosi kipya cha makomando, FSK, kilirithi mila za Linge.

Vaeni viatu imara, maana kutoka darajani ni kupanda kwa miguu. Tena msiishie Vemork. Fikeni Mæl, kwenye ziwa Tinn, ambako kivuko Hydro kilizamishwa tarehe 20 Februari 1944 kikiwa na maji mazito yaliyosalia. Watu 18 walikufa, wengi wao raia wa Norwei. Kivuko mwenzake, Ammonia, kingali kimefungwa gatini.