Dakika 47 za Minor Threat: Uhakiki wa Mkusanyo wa "Complete Discography"

CD hii nimeinunua mara mbili, kwa sababu nakala ya kwanza iliazimwa na jamaa ambaye hadi leo, kila tukikutana, huniahidi kuirudisha kesho. Sikujuta kutoa fedha mara ya pili. "Complete Discography" ni mkusanyo wa nyimbo 26 za Minor Threat, bendi ya panki (roki ya kasi na kelele) ya Washington, D.C., uliotolewa mwaka 1989 na Dischord, lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ambayo baadhi ya wanamuziki hao waliianzisha wenyewe wakiwa vijana ambao ndio kwanza wametoka shuleni. Na ukiusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka kitini, utaumaliza kwa dakika 47 hivi. Humo mna karibu uhai wote wa bendi iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza Desemba 1980 na kuvunjika Septemba 1983. Ninaupendekeza kwa sababu sijui rekodi nyingine ambamo msikilizaji anaweza kuisikia bendi ikijifunza kazi yake, wimbo baada ya wimbo, katika muda mfupi namna hiyo.

Mpangilio ndio unaowezesha jambo hilo. Mikusanyo mingi hutanguliza nyimbo zilizovuma na kuzisukumia mwishoni zile za uanagenzi, lakini huu unakwenda takriban kwa kufuata miaka. Nyimbo 8 za mwanzo ni za santuri ndogo ya inchi 7 ya mwaka 1981; zinafuata 2 zilizokuwa zimetoka katika mkusanyo wa bendi mbalimbali za Washington, kisha 4 za santuri ndogo ya pili, 9 za santuri iitwayo "Out of Step" ya mwaka 1983, na 3 za kufungia ambazo hazikutoka hadi 1985. Asiyeijua bendi hii hahitaji maelezo mengine ili kuufuata ukuaji wake.

Hata hivyo, kuna jambo lililotangulia ambalo CD hii haikusimulii, nalo linafaa kujulikana kabla ya kubonyeza kitufe. Mwimbaji Ian MacKaye na mpiga ngoma Jeff Nelson walikuwa wamesoma shule moja ya sekondari, na mwaka 1979 waliunda bendi iliyoitwa Teen Idles pamoja na wenzao wawili. Wakati huo MacKaye alikuwa akipiga besi. Bendi hiyo ilidumu kama mwaka mmoja tu. Kila walicholipwa kwenye maonyesho kilitiwa katika kisanduku badala ya kuingia mifukoni, na walipoachana mwishoni mwa 1980 walikuta wamejiwekea takriban dola 600. Wangeweza kugawana, kila mmoja akaondoka na fungu lake, lakini waliamua kuzitumia fedha hizo kutoa santuri ya bendi ambayo tayari ilikuwa imekufa, nakala 1,000, na hilo ndilo likawa toleo la kwanza la Dischord. Kwa kuwa hawakujua jalada la santuri hutengenezwa vipi, walichukua jalada la santuri iliyotoka Uingereza, wakalibandua, wakalitandaza ili waone lilivyokatwa, kisha wakachapisha la kwao na kukaa kitako na marafiki wakilikata kwa mkasi, wakilikunja na kulibandika kwa gundi, moja baada ya jingine. Fedha zilizorudi zililipia santuri za bendi za marafiki, na Minor Threat, bendi mpya ya MacKaye na Nelson, ilikuwamo katika foleni hiyo.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linasikika katika nyimbo zenyewe. Nyimbo 8 za kwanza zilirekodiwa katika studio ya Inner Ear, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya nyumba ya Don Zientara huko Arlington, Virginia, ng'ambo ya Mto Potomac, chini ya usimamizi wa Skip Groff, mwenye duka la santuri katika jimbo jirani la Maryland. Sauti ni kavu na ya karibu, kana kwamba bendi imejibanza kwenye kona ya chumba chako. Asidanganyike mtu akadhani kuwa hizi ni kelele za watoto wasiojua kupiga vyombo. Gitaa la Lyle Preslar linakwenda mbio bila kukwama, na Brian Baker, ambaye bendi ilipoanza alikuwa hajatimiza miaka 16, analifuata kwa besi hatua kwa hatua. Kinachonishangaza zaidi ni namna wote wanne wanavyosimama ghafla katikati ya mbio hizo, wakanyamaza kwa nukta moja, kisha wakaanza tena pamoja bila hata mmoja kutangulia au kubaki nyuma. Kwenda kasi si kazi ngumu sana, lakini kusimama pamoja kunadai saa nyingi za mazoezi. MacKaye naye hupiga kelele, lakini hutamka: maneno yake yanasikika vizuri, na msikilizaji ambaye Kiingereza chake ni cha darasani atayafuata mengi bila kuyasoma.

Wimbo maarufu kuliko yote hapa ni "Straight Edge", ambao haufikishi hata dakika moja. Ndani yake kijana anasema tu kwamba yeye ana mambo bora ya kufanya kuliko kulewa na kutumia dawa za kulevya. Jina la wimbo huo lilikuja kuwa jina la mwenendo mzima wa vijana, Marekani na kwingineko, wanaojiepusha na pombe, sigara na dawa hizo, wengi wao wakichora alama ya X migongoni mwa mikono. Alama yenyewe ina chanzo cha kawaida kabisa. Mwaka 1980 Teen Idles walisafiri hadi California, na katika ukumbi mmoja wa San Francisco vijana ambao umri wao haukuwaruhusu kunywa walichorwa X mkononi ili wahudumu wa baa wasiwauzie pombe. Waliporudi Washington, waliwaomba wenye kumbi za huko watumie utaratibu huohuo, ili wadogo waruhusiwe kuingia kusikiliza muziki bila kumtia mwenye ukumbi matatani. Kilichokuwa alama ya kumzuia mtoto kikageuka kuwa beji ya kujivunia.

Nyimbo 4 za santuri ya pili ndizo nizipendazo kuliko zote, na miongoni mwazo umo pia ule unaonipa taabu. "Guilty of Being White" unazungumzia kijana mweupe anayelaumiwa kwa dhambi za utumwa ambazo hakuzitenda. Mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza akiwa Afrika ana haki ya kukunja uso. MacKaye amekuwa akieleza kwamba aliuandika kutokana na maisha ya shule ambako wanafunzi weupe walikuwa wachache, katika mji ambao wakati huo zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wake walikuwa weusi, na kwamba nia yake ilikuwa kupinga ubaguzi wa aina zote. Ninaiamini nia hiyo, lakini wimbo wenyewe hauibebi. Hoja nzito ya karne kadhaa haiwezi kusemwa kwa haki ndani ya dakika moja na ushei, na kijana aliyeiandika alikuwa anatazama ua wa shule yake tu, asione barabara iliyo nje yake. Wengine wameuchukua mahali ambapo mwenyewe hakupataka: mwaka 1996 bendi ya Slayer iliurekodi upya na kubadilisha neno moja la mwisho kwa namna iliyougeuza kuwa majivuno ya kibaguzi, jambo ambalo MacKaye alilikemea waziwazi.

Lawama hiyo inakuwa kali zaidi ukikumbuka deni ambalo bendi hii ilikuwa nalo. Kasi ile, na ule uwezo wa kusimama na kuanza kwa pamoja, waliuona kwanza kwa Bad Brains, bendi ya Waafrika-Wamarekani wa mji huohuo ambao walikuwa wamekomaa katika kupiga vyombo kabla hata hawajaingia katika panki. Bad Brains waliwahi kukosa vyombo, nao Teen Idles wakawaazima vya kwao pamoja na mahali pa kufanyia mazoezi. Kwa vijana wale hayo yalikuwa masomo ya bure chini ya paa lao wenyewe. MacKaye hajapata kulificha deni hilo, na mtu anayenunua CD hii angefanya vyema kutafuta pia rekodi za awali za Bad Brains, kwani bila hizo atasikia nusu tu ya mazungumzo.

Mwishoni mwa 1981 Preslar alikwenda kusoma chuo kikuu karibu na Chicago na bendi ikasimama. Mwaka uliofuata akarejea, nayo ikafufuka. Baadaye Steve Hansgen aliingia kupiga besi na Baker akahamia gitaa la pili. Ndiyo maana kuanzia wimbo wa 15 sauti inanenepa ghafla, na nyimbo zinaanza kuwa na milango na vyumba, si ukuta mmoja tu wa kasi. Maneno nayo yanabadilika: hasira iliyokuwa ikielekezwa kwa walevi na wababe wa mitaani sasa inageukia urafiki unaovunjika na kundi linaloanza kutafunana lenyewe.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani msikilizaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko wengine. Wimbo "Out of Step" umo mara mbili katika CD hii, namba 12 na namba 22, na tofauti kati ya matoleo hayo ilizaliwa na ubishi wa kisarufi. Katika toleo la kwanza MacKaye anataja asiyoyafanya, ulevi na sigara vikiwamo, bila kutamka neno la Kiingereza la nafsi ya kwanza. Na kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakibebi nafsi ndani yake, msikilizaji hawezi kujua kwa hakika kama mwimbaji anajieleza au anaamuru. Kiswahili kisingewaachia mwanya huo. Mtu husema "sinywi, sivuti", au husema "msinywe, msivute", na hakuna njia ya kati ya kujificha. Wengi waliusikia wimbo kama amri, wapo waliojipa kazi ya kuwapokonya wenzao bia na sigara kwenye maonyesho, na ndani ya bendi yenyewe kukawa na mabishano, Nelson akitaka ieleweke kwamba ni kauli ya mtu mmoja kuhusu nafsi yake. Basi katika toleo la 1983 bendi inaendelea kupiga huku MacKaye akiacha kuimba na kuzungumza, akieleza kwamba hawawekei watu kanuni. Wapo wanaoyaona maelezo hayo kuwa yameuharibu wimbo. Mimi nayaona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika CD nzima, kwa sababu mtu wa miaka 20 anayerekebisha kauli yake mwenyewe mbele ya mashabiki wake si jambo la kila siku katika muziki huu.

Wimbo unaofuata, ambao kwenye jalada la santuri ya awali haukuorodheshwa, ni kejeli kwa waliokuwa wakinong'ona kwamba bendi imeanza kutajirika. Ukweli ulikuwa kinyume. Viwanda vya kuchapa santuri vilitaka fedha taslimu mapema, ilhali wasambazaji walilipa kwa kujivuta, hivyo kadiri santuri zilivyotafutwa ndivyo Dischord walivyozidi kukwama, hadi John Loder wa studio za Southern huko London alipokubali kuwachapia na kusubiri malipo yake. Lebo haikuwa ikisaini mikataba na bendi zake, na utaratibu huo haukuiua; ingali ipo hadi leo na ingali inauza rekodi hii moja kwa moja kwa wanunuzi.

Onyesho la mwisho lilifanyika tarehe 23 Septemba 1983 pamoja na Trouble Funk, bendi ya go-go, yaani muziki wa dansi wa watu weusi wa Washington. Nyimbo 3 za mwisho zilirekodiwa Desemba, bendi ikiwa imekwisha kuvunjika. "Salad Days" inafunguliwa kwa besi na baadaye zinasikika kengele na gitaa lisilo la umeme, na kijana aliyeanza CD hii akiwa hajatimiza miaka 20 sasa anauliza zile siku njema zimekwenda wapi. Baadaye MacKaye aliunda bendi ya Fugazi, lakini hayo ni ya uhakiki mwingine.

Kasoro za bidhaa yenyewe ni chache. Jina linaahidi ukamilifu, lakini kaseti ya majaribio ya mwanzoni mwa 1981, yenye nyimbo 8, haimo, kwani ilitolewa peke yake mwaka 2003, na anayekusanya kila kitu atalazimika kulipa tena. Sikio lisilozoea litachoka baada ya wimbo wa 10, hivyo nashauri mapumziko. Jalada ni lilelile la santuri ya kwanza, picha ya Alec, mdogo wake MacKaye, akiwa ameketi ngazini ameinamisha kichwa chenye upara, picha iliyotambulika sana kiasi kwamba mwaka 2005 kampuni ya Nike iliiga mpangilio wake katika bango la tangazo bila ruhusa na ikaishia kuomba radhi. Kwa anayesitasita kununua, asikilize kwanza namba 12, kisha aruke hadi namba 22. Asipotamani kujua yaliyotokea katika nyimbo 9 zilizo katikati, basi aiache CD dukani.