Banda la Kirumba tunapomtazama Alysa Liu: wahi, ukae upande wa kushoto

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, na kwa kazi yangu jicho hutangulia kwenye nguo, mtu baadaye. Ndivyo nilivyomjua Alysa Liu, Mmarekani anayeshindana kuteleza kwa madaha juu ya barafu. Machi 2025 mteja aliniletea simu, ndani yake gauni la dhahabu linazunguka juu ya barafu, akauliza kama naweza kumshonea binti yake linalofanana nalo kwa ajili ya mahafali. Nikamwambia naweza. Kisha nikamwomba anirudishie tena ile video, na mara ya pili mshono sikuuona kabisa, nilimwona yule binti anavyocheka huku anateleza. Ilikuwa Boston, siku aliyotwaa ubingwa wa dunia kwa alama 222.97. Marekani walikuwa hawajapata bingwa wa dunia upande wa wanawake tangu 2006.

Toka siku hiyo nimekuwa shabiki wake. Simu yangu ni ndogo na kioo kimepasuka, kwa hiyo nimetafuta pa kumtazamia, na nimepata. Naandika haya kwa wenzangu wa Mwanza wanaopenda mchezo huu na wanadhani wako peke yao.

Ni kibanda umiza cha kawaida, njia ya kushuka mwaloni. Hakina bango. Nje kuna ubao mweusi wa chaki wa kuandikia mechi. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao bila egemeo, projekta imefungwa darini kwa waya, subufa moja kubwa. Kiingilio shilingi 500 mchana, 1,000 usiku. Harufu ya dagaa inaingia, maana tuko mwaloni, asiyeitaka atakaa kwake.

Tulianza Agosti na mashindano ya vijana, yale yanayorushwa bure YouTube. Mimi, wasichana wawili wa chuo cha uuguzi, mama mmoja wa dagaa na mwalimu mstaafu. Mwenye banda alitusikiliza, akasema, "Fundi, nileteeni watu kumi, nawawekea." Tukafika kumi na mmoja. Hakutuuliza kwa nini watu wa ziwani wanataka kutazama barafu, na kwa hilo peke yake nilimheshimu.

Kabla ya hapo nilijaribu banda jingine, la mjini, silitaji. Kule walikubali kutuwekea, lakini mchezaji akimaliza tu kuinama wanahamia kwenye mpira. Hawakuelewa kwamba kumaliza siyo mwisho. Mtu anakwenda kukaa kwenye kiti cha kusubiria na kocha wake, jasho linamtiririka, anasubiri alama za majaji tisa. Dakika zile ndizo tunazozilipia. Huyu wa Kirumba hagusi kitu mpaka namba zitoke na mchezaji anyanyuke. Mara moja vijana walioingia kusubiri mpira walianza kupiga kelele wakati wa kusubiri alama. Aliwaambia kwa upole, "Wadogo zangu, hapa kuna watu wanaomba." Wakanyamaza.

Sasa kuhusu kukaa. Katikati ya banda kuna nguzo ya mti, na ukikaa kulia inakuzibia pembe ya juu kushoto ya skrini. Pembe hiyo usiikose. Pale kuna kisanduku kinachopanda alama kila mruko, na penye shaka panatokea alama ya njano, maana yake waamuzi wanarudia picha kuangalia kama mguu ulizunguka ukatimia. Nyumbani nilikuwa naona mtu karuka vizuri halafu alama ndogo, nalia ameonewa. Kushoto kwa nguzo nimejifunza mwenyewe, kwa njano ile, kwamba zaidi ya robo ya mzunguko ikikosekana, gharama yake ni kubwa.

Oktoba 25, mashindano ya China, kule Chongqing, moja ya mfululizo wa Grand Prix. Wao wanatutangulia saa tano, kwa hiyo kwetu ni mchana na kiingilio ni kile cha 500. Ubaoni, chini ya mechi, aliandika KUTELEZA – CHINA – WANAWAKE, na nilisimama pale nje nikausoma mara mbili. Ndani mambo mawili yalinikera. La kwanza ni bando. Alysa yuko katikati ya programu ndefu, yaani onyesho lake la dakika nne, akajirusha, na picha ikaganda yuko hewani. Mikono imebana kifuani, kidevu kimegeukia bega la kushoto, pindo la gauni limetanuka kama mwavuli. Banda zima tukashika pumzi. Mwenye banda akatoa simu yake mfukoni, akaunga intaneti yake binafsi, na picha iliporudi binti alikuwa amekwisha kutua, anateleza kinyumenyume, mikono wazi. Ule mruko hatukuuona, na mpaka leo unaniuma.

La pili ni skrini. Lilikuwa shuka la kitanda lililopigiliwa misumari. Linameza rangi. Kitu cha kumeta juu ya barafu nyeupe, kwenye shuka jeupe, kinafubaa kama kitenge kilichofuliwa mara mia. Kwa wengine ni dogo. Kwangu vazi ni sehemu ya mchezo, na hata sheria yao inajua hivyo: kikidondoka kipambo kwenye barafu, mchezaji anakatwa alama moja. Fikiria fundi aliyeshona mawe mia kadhaa kwa mkono, anajua uzi mmoja ukilegea ni alama ya mtoto wa watu. Nilimwambia mwenye banda wazi. Akasema, "Basi shona wewe." Nimeshona: kitambaa kizito cha pazia, mita nne, pindo la inchi mbili, vitanzi juu vya kupitishia bomba. Sikumtoza, nalisema hapa ili msomaji ajue nina mkono wangu pale. Sasa rangi zinasimama.

China Alysa alikuwa wa pili, nyuma ya Mmarekani mwenzake Amber Glenn. Wasichana wa uuguzi walinyong'onyea. Mwalimu akasimama kutueleza hesabu, na ni hesabu inayofaa kujulikana. Mashindano ya mfululizo huu ni sita, mchezaji anapangiwa mawili tu, wa kwanza anapata pointi 15, wa pili 13, na sita wenye pointi nyingi wanakwenda fainali. Mwanzo wa msimu programu bado mbichi, mchezaji anatafuta wapi pa kuvuta pumzi, nafasi ya pili siyo msiba. Mama wa dagaa, aliyezoea hesabu za magunia, akachukua chaki akaandika 13 pembeni ya ubao. Wiki tatu mwenye banda alifuta mechi na kuandika mechi, Simba, Yanga, Arsenal, na ile 13 hakuigusa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini huyu. Aliacha mchezo Aprili 2022, ana miaka 16, ametoka kushika nafasi ya sita Olimpiki ya Beijing na medali ya shaba ya dunia. Miaka miwili hakushindana. Akarudi Oktoba 2024 kule Budapest, akashinda, na miezi mitano baadaye akawa bingwa wa dunia. Mimi nilifunga cherehani miaka miwili nikimuuguza mama yangu Sengerema. Niliporudi nilidhani mkono umekufa, nikakuta umepata utulivu ambao haukuwa nao. Nikimtazama Alysa anavyoingia kwenye mruko bila kukunja uso, nauona utulivu ule ule.

Lake Placid, Novemba, shindano lake la pili. Marekani upande ule wako nyuma yetu saa nane, kwa hiyo ni usiku. Bahati ilikuwa yetu: wiki ya mechi za timu za taifa, ligi ya Uingereza imesimama, skrini hatukugombania na mtu. Tulikuwa ishirini na wanne. Umeme ulikatika kabla ya kundi la mwisho. Jenereta iliwaka haraka, lakini ameiweka karibu mno na mlango na moshi unaingia, tulikohoa. Aisogeze. Na choo cha wanawake hakuna. Tunakwenda kwa jirani, mama mwema ambaye hataki hela, lakini usiku huwezi kumgongea kila mara. Hili nimemwambia mara tatu na nitamwambia ya nne, kwa sababu nusu ya wateja wake wa kuteleza ni wanawake.

Kurudi nyumbani alitupangia boda wawili anaowajua, akaandika namba za pikipiki ubaoni mbele yetu sote. Mabanda mengine hawafanyi hivyo.

Na Alysa alishinda. Alipotua mruko wake wa mwisho mama wa dagaa alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniachia alama. Tulisubiri namba kimya, jenereta inanguruma nje, na zilipotoka mwenye banda ndiye aliyepiga kelele kwanza. Mwalimu alitoka nje na tochi ya simu. Tulimkuta ubaoni ameongeza 15 chini ya 13, amepiga mstari, ameandika 28.

Fainali ilikuwa Desemba 2025, Nagoya, Japani, wao wametutangulia saa sita. Kiingilio kilikuwa 500. Mkija, semeni mmetumwa na fundi, na upande wa kushoto mkiukuta umejaa, benchi la mbele kabisa linafaa, nguzo haifiki pale.