Tini nne nilizopanda Houston: ipi ni ipi, na ipi inafaa

Kwa anayeishi Houston, au popote kwenye ukanda wa Ghuba ya Meksiko, ushauri wangu ni huu: panda Celeste kwanza, Alma baadaye. Brown Turkey itakupa wingi wa matunda, lakini utamu wake ni wa wastani. LSU Purple ni ya mwenye subira. Hizo nne ndizo nilizo nazo nyuma ya nyumba, nimezila zote kwa misimu kadhaa, na kila moja nimeinunua kwa pesa yangu.

Nianze na lebo, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Mche wangu wa kwanza niliununua kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumbani, ukiwa na lebo ya Celeste na picha ya tunda dogo la zambarau. Ulipozaa, matunda yakatoka makubwa kuliko ya kwenye picha, rangi ya shaba, kitako kimeachama. Hiyo ni Brown Turkey. Niliporudi dukani niliambiwa dhamana yao inahusu mche uliokufa tu. Aina ikiwa siyo, hawana la kufanya. Nilichukia, na bado nachukia, kwa sababu anayepanda mtini husubiri sana kabla ya kujua alichouziwa. Miche mingine mitatu niliiagiza kwa posta kutoka kwa mkulima mdogo anayeotesha vipandikizi vyake mwenyewe. Bei ilikuwa juu zaidi, lakini ilifika mizizi ikiwa imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, na kila mche una kibati kilichoandikwa kwa mkono. Yote mitatu imekuwa ile ile iliyoandikwa. Huduma ile naipa nyota tano bila kusita.

Sasa, utajuaje ulichonacho? Watu wengi huanza na jani, na jani halitoshi. Mti mmoja unaweza kutoa jani lililogawanyika mara tatu, jirani yake mara tano, na machipukizi ya kivulini yakatoa majani mapana yasiyogawanyika kabisa. Anayekuletea picha ya jani moja na kukuuliza aina anakutaka upige ramli. Subiri tunda liive, kisha lipindue. Kile kitundu cha kwenye kitako, ambacho wapanda tini hukiita jicho, ndicho cha kutazama kwanza. Halafu angalia kama tunda lina shingo au limekaa moja kwa moja kwenye kikonyo, ganda lina rangi gani likiwa limeiva kabisa, na ukilipasua, nyama yake ni ya waridi au ya rangi ya asali. Mwisho andika tarehe lilipoiva. Mambo hayo yakikubaliana yote, una jibu.

Celeste ya kweli ina tunda dogo, la zambarau iliyochanganyika na kahawia, nyama ya waridi, na jicho lililofumba. Hapa kwangu inaiva kuanzia mwisho wa Juni, ikachanganya Julai, halafu basi. Haikai ikizaa mpaka vuli. Ikiwa tayari, shingo inalegea na tunda linaning'inia kichwa chini. Hapo ulichume siku hiyo hiyo, kwa sababu tini haiendelei kuiva ikishachumwa. Ukiichuma ngumu itabaki ngumu, na utomvu wake mweupe utakuwasha midomo. Utamu wa Celeste ni wa kujaza mdomo, hata wenyeji wa hapa wengine huiita tini ya sukari.

Kwa nini nashikilia sana habari ya jicho? Kwa sababu ya mvua. Houston inanyesha sana kiangazi, wakati huo huo tini zinaiva. Tunda lenye jicho wazi huingiza maji, na pia mbawakawa wadogo wanaobeba hamira ya porini. Baada ya muda mfupi tunda linachacha likiwa bado mtini: unalipasua, nyama imetoa povu na inanuka kama tembo la mnazi lililolala. Brown Turkey yangu hupotea kwa namna hiyo kila tukipata wiki ya mvua mfululizo. Celeste iliyo hatua chache kutoka hapo, mvua ile ile, hubaki nzima. Ni tofauti ambayo mtu wa California hawezi kuiona kwake, kwa kuwa huko kiangazi ni kikavu na tini ya aina karibu yoyote itaiva salama. Ndiyo maana usifuate sifa za tini zinazotoka California, hata Black Mission yao maarufu, ukadhani zitakuwa vile vile hapa. Hata Magnolia, iliyowahi kulimwa kibiashara huku pwani ya Texas, hasa maeneo ya Friendswood, kwa ajili ya kusindikwa, ina jicho wazi na hupasuka mvua ikinyesha. Wakulima wa wakati ule waliichuma kabla haijaiva vizuri kwa sababu ilikuwa inakwenda kupikwa.

Alma imetoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, na inaonekana kabisa kuwa ilichaguliwa na watu wanaoijua hali ya hewa hii. Ukiiona kwa mbali hutaipenda. Ni ndogo, ganda la kijani kibichi lililofifia kuelekea manjano na kahawia, haina mvuto wa dukani. Lipindue tunda uone: jicho limezibwa na tone zito linalong'aa. Mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Tanga alilishika moja akaniuliza, "Baba, mbona hili limetoa gundi?" Nikamwambia aligonge kwa kucha. Lile tone ndilo kizibo; wadudu hawapiti, maji hayapiti. Alikula pale pale chini ya mti, akarudi jikoni kuchukua bakuli. Nyama yake ni ya rangi ya asali na utamu wake ni mzito, kwangu mimi unaikaribia sana Celeste. Inachelewa kuiva kuliko Celeste, kwa hiyo ukiwa na zote mbili unaongeza urefu wa msimu. Udhaifu wake mkubwa ni baridi. Anayeishi mbali na pwani, kwa mfano Dallas, asijisumbue nayo.

Kuhusu baridi, Februari 2021 ilitupa mtihani ambao sikuuomba. Kipimo kilishuka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri hapa mjini, umeme ukakatika, mabomba yakapasuka, na mitini yote ikaungua hadi usawa wa udongo. Yote ilichipua tena kutoka kwenye mizizi, na kwa kuwa miche ya tini kwa kawaida hutokana na vipandikizi na siyo kuunganishwa, kilichochipua kilikuwa aina ile ile. Brown Turkey ilizaa mwaka huo huo, maana inaweka matunda mengi kwenye tawi jipya la msimu. Celeste ikatoa majani matupu, nikangoja mwaka uliofuata. Kwa hiyo nikisema Brown Turkey ni ya wastani, simaanishi ing'olewe. Kwa mtu mwenye eneo linalopigwa na barafu mara kwa mara, huenda ndiyo ya kuanza nayo. Na Celeste ikishakomaa usiikate matawi sana, utajinyima mavuno.

LSU Purple ni kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1991. Mti wake unapendeza kuliko yote niliyo nayo: umesimama wima, majani yanastahimili kutu. Ugonjwa huo wa ukungu huzigonga Brown Turkey na Celeste zangu Agosti, majani yakageuka kahawia na kupukutika, lakini LSU Purple ikabaki na kijani chake. Inaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na ganda la zambarau iliyokoza ni zuri mno kwa macho. Ila mti ukiwa mchanga tunda halina ladha. Majimaji, utamu kidogo, basi. Unaboreka kadiri mti unavyokua, na wangu msimu uliopita ulianza kutoa tini ninazoweza kumpa mgeni. Kwa sasa naipa nyota tatu.

Kuna jambo naulizwa sana na wenzetu wa hapa, hasa baada ya Ramadhani: je, mbegu za tini kavu za Uturuki zinaota? Zinaota, lakini msizipande mkitegemea matunda. Nyingi ya tini zile ni za jamii ya Smyrna, ambayo lazima ichavushwe na nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya tunda kupitia jicho. California walimleta nyigu huyo mwishoni mwa karne ya 19 ili waweze kuvuna tini za aina hiyo. Texas hayupo. Sisi tuliokulia karibu na mikuyu, tuliokuwa tukipasua kuyu na kukuta wadudu wametapakaa ndani, tunaielewa habari hiyo kwa urahisi. Takriban nusu ya miche inayotokana na mbegu itakuwa midume, na iliyo mijike inaweza kudondosha matunda yote yakiwa madogo. Aina nne nilizozitaja hazihitaji nyigu yeyote.

Njia nzuri na ya bure ni kipandikizi. Januari, mti ukiwa umelala, omba kijiti chenye unene wa kidole kwa mtu ambaye umekula tini za mti wake. Kabla hujakata, angalia majani yake wakati wa kiangazi: yakiwa na mabaka ya manjano na kujikunja, hiyo ni mozaiki, virusi vinavyosafiri ndani ya kipandikizi, na havina dawa. Vaa mikono mirefu ukikata, kwa sababu utomvu ukipata jua juu ya ngozi unaunguza. Kianzishie kwenye chungu chenye udongo wa kununua, siyo wa bustanini, kwa sababu ardhi ya huku inaweza kuwa na minyoo fundo, minyoo wadogo sana wanaokula mizizi michanga. Kikishika, kipande karibu na ukuta wa kusini wa nyumba, panapokaa joto wakati wa baridi.