Siku mbili katika jiji geni na jiko la nyumba ya kupangisha: uzoefu wangu

Mimi na dada yangu tulikuwa na siku mbili tu za kukaa katika jiji ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulikanyaga. Tulifika Ijumaa saa mbili usiku na tukaondoka Jumapili jioni. Badala ya kulala hotelini, tulichagua nyumba ndogo inayopangishwa kwa siku, yenye chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko, ambayo tuliipata kupitia programu ya simu. Tuliichagua kwa sababu ya jiko. Soko la mji usioujua halikuambii mengi iwapo unapita ukilitazama tu, bali huanza kusema nawe pale unapokuwa na mahali pa kwenda kupikia ulichonunua. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi jikoni, na wanaotaka habari za malazi nawaambia kwamba kitanda kilikuwa kizuri, shuka zilikuwa safi, na maji ya moto yalipatikana saa zote.

Tangazo lilisema nyumba ina “jiko kamili”, maneno ambayo kila mwenye nyumba huyafasiri kwa namna yake. Tulichokikuta ni jiko la umeme la indaksheni lenye sehemu mbili za kupikia, jokofu fupi, birika la umeme, sufuria mbili, kikaango kimoja, mwiko mmoja, kisu kimoja, na sahani na vikombe vya kuwatosha watu wanne. Chumvi haikuwapo, wala mafuta, wala ubao wa kukatia, wala kifungua kopo. Oveni iliyoonekana kwenye picha ya tangazo nayo haikuwapo, na nilipomwandikia mwenyeji kumuuliza, alijibu kesho yake mchana kwamba picha hiyo ilikuwa ya zamani. Hilo sikulipenda. Mtu anayechagua nyumba kwa sababu ya jiko huamua kwa kutegemea picha hizo.

Usiku wa kwanza tulitaka tu kuchemsha mayai na kuyala kwa mkate, vyote tulivyonunua njiani. Niliweka sufuria kubwa juu ya jiko, nikagusa kitufe, jiko likalia mara tatu, likaonyesha herufi ambayo sikuielewa, kisha likazima. Nilirudia mara nne bila mafanikio. Dada akaona jiko ni bovu, akataka tumpigie mwenyeji simu. Nilipoinyanyua tena ile sufuria, ndipo wepesi wake uliponishtua, nikatambua kwamba ni ya alumini.

Jiko la indaksheni halitoi moto. Chini ya kioo chake kuna koili ya waya inayopitisha umeme unaogeuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na uga wa sumaku unaotokana na umeme huo huzalisha mikondo ndani ya kitako cha sufuria yenyewe, kikapata joto kutoka ndani. Ili hilo litokee, kitako kinapaswa kuwa cha chuma, au cha aina ile ya chuma cha pua inayonasa sumaku. Alumini tupu na shaba tupu hazifai katika majiko mengi ya aina hii. Mlangoni pa jokofu palikuwa na sumaku ya kubandikia karatasi. Niliibandua, nikaigusisha kwenye kitako cha kila chombo. Kwenye sufuria kubwa iliteleza ikaanguka sakafuni, kwenye sufuria ndogo ilinata kwa kishindo kidogo, na kwenye kikaango ikanata vilevile. Tukajua basi kwamba vyombo vyetu vya kupikia ni viwili, wala si vitatu, na mipango yote iliyofuata tuliijenga juu ya hesabu hiyo. Mayai tuliyachemsha kwa dakika saba, kiini kikabaki laini, tukayala bila chumvi.

Asubuhi ya Jumamosi niligundua tatizo la pili. Chupa ya maji iliyolala ndani ya jokofu usiku kucha ilikuwa na ubaridi wa maji ya bombani. Swichi ya kuzungusha iliyo ndani ya jokofu ilikuwa imewekwa kwenye namba 1, kiwango cha chini kabisa, nami nikaipandisha hadi 4. Kufikia jioni maji yalikuwa baridi inavyotakiwa. Huenda mwenyeji huishusha nyumba inapokuwa tupu ili kupunguza umeme, jambo la busara, lakini mgeni anapaswa kuambiwa, hasa mgeni atakayehifadhi chakula kilichopikwa.

Kisha tukatoka. Nina mazoea yangu ninapofika mji mgeni: sianzi kwa kutafuta soko kwenye ramani ya simu, bali nawatazama watu wanaotembea na vikapu vilivyojaa asubuhi, halafu nafuata njia waliyotokea. Tulitembea hivyo kwa muda wa nusu saa, tukapita mitaa ambayo ramani isingetupitisha, penye ngazi nyembamba, ua lenye nguo zilizoanikwa, na duka la fundi saa aliyekuwa bado anafungua milango. Mwisho wa njia hizo soko lilikuwapo kweli.

Lugha ya pale hatukuijua, lakini ununuzi haukututatiza. Muuza nyanya mmoja, mwanamke wa makamo, alimwona dada akiokota nyanya ovyo ovyo, akamzuia kwa upole. Alinyoosha kidole chini, kana kwamba anauliza kama ni za leo, kisha akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho, kuuliza kama ni za baada ya kulala. Dada akamwonyesha kwa vidole kwamba anataka mbili za leo na tatu za kesho. Mama yule akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akatutilia mbili zilizoiva hadi zinanukia na tatu zilizo ngumu bado, katika mifuko miwili tofauti. Hotelini ningekula nyanya nzuri pia, lakini mazungumzo yale nisingeyapata.

Tulinunua pia vitunguu maji, vitunguu saumu, limau mbili, mchele kidogo, chumvi, chupa ndogo ya mafuta na mayai. Maharage tulichukua ya kopo lenye kishikio cha kuvuta, kwa kuwa tulikumbuka hatuna kifungua kopo. Dada alitaka makavu, nikamkatalia. Maharage mekundu makavu yana lektini, aina ya protini inayoweza kuumiza tumbo vibaya, na haiondoki kwa moto mdogo. Yanapaswa kulowekwa kwa saa kadhaa, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu. Kazi hiyo haimfai mtu mwenye sufuria moja ndogo na jioni moja.

Mchana tulikula katika mgahawa wa meza sita, na hapo ndipo chakula chetu cha usiku kilipoamuliwa. Tuliletewa supu nzito ya maharage na nyanya, yenye uchachu wa limau na ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, ingawa humo hapakuwa na nyama. Dada alichukua risiti, akaandika nyuma yake kila alichokihisi mdomoni: kitunguu kilichokaangwa sana, saumu, nyanya, kitu kichachu, na mbele ya neno la mwisho akaweka alama ya kuuliza. Mpishi alimwona akiandika, akaingia jikoni, akarudi na uyoga mkavu kiganjani, akautia mkononi mwa dada. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alionyesha kwamba ladha hii nzito kama ya nyama, aliyoikuta katika mchuzi wa mwani, inatokana na kemikali iitwayo glutameti. Nyanya zilizoiva nazo zina glutameti kwa wingi, na uyoga mkavu huikuza ladha hiyo zaidi. Tulirudi sokoni kwa ajili ya uyoga peke yake.

Jioni kisu kilitukwamisha. Kilikuwa butu kiasi cha kuisukuma nyanya badala ya kuikata, na kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa hukulazimisha kutumia nguvu hadi kinateleza. Niligeuza kikombe cha kauri kichwa chini. Vikombe vingi vya aina hiyo huwa na duara kitakoni lisilong'arishwa, gumu na lenye chengachenga, linaloweza kufanya kazi ya kinoo. Nilililowesha kwa maji, nikakilaza kisu kwa mwinamo wa takriban digrii 20, nikakivuta mara kumi upande mmoja na mara kumi upande wa pili, taratibu, ncha ya vidole ikiwa mbali na makali. Nyanya iliyofuata ilikatika kwa uzito wa kisu chenyewe. Badala ya ubao tulitumia trei ya mbao iliyokuwa mezani sebuleni, tukaiosha kabla na baada.

Upishi wenyewe ulikwenda hivi. Niliuloweka uyoga katika maji ya moto ya birika kwa dakika 20, na wakati huo nikavikaanga vitunguu kwenye kikaango, bila haraka, hadi vikawa na rangi ya kahawia iliyokolea na ukoko mwembamba ukashika chini. Ukoko ule usiutupe wala usiuogope maadamu haujaungua ukawa mweusi. Niliumwagia maji ya uyoga, nikaukwangua kwa mwiko, ukayeyuka wote na kuupa mchuzi rangi. Saumu, nyanya, uyoga uliokatwakatwa na maharage vikafuata, na sahani bapa ikawa mfuniko. Katika sufuria ndogo nilipika wali kwa kipimo cha kikombe cha chai, mchele kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili, maji yakiwa yamechemshwa kwanza kwenye birika ili jiko lisichelewe. Limau nilikamulia ndani ya mchuzi pamoja na nyanya.

Dada alionja, akanyamaza, akaonja tena.

“Mdogo wangu, limau umeliweka mapema mno,” alisema. “Ya mchana ilinukia kwanza, ndipo ikachachuka.”

Alikuwa sahihi. Uchachu wa limau huvumilia moto, lakini harufu yake hupotea na mvuke. Tulikata limau la pili, kila mmoja akajikamulia kwenye bakuli lake mezani, na harufu ile ya mchana ikatufikia puani kabla ya kijiko kufika mdomoni. Sidai kwamba tuliifikia supu ya mgahawa, kwa sababu yao ilikuwa laini zaidi, pengine kwa kuwa sehemu ya maharage ilipondwa. Lakini tulikuwa tumekaribia, kwa kisu kilichonolewa kikombeni na kikaango kilichofunikwa kwa sahani, nami nilifurahi sana.

Wali ulibaki. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, maana nyumba za kupangisha huwafanya watu walegeze kanuni wanazozifuata kwao. Mchele huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa muda mrefu katika joto la chumba, mbegu hizo huamka na bakteria wakatoa sumu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Tuliutandaza wali kwenye sahani ili upoe haraka, tukauingiza kwenye jokofu kabla ya saa moja kuisha. Kama nisingeichunguza ile swichi asubuhi, ningeutupa.

Jumapili asubuhi wali huo tuliukaanga na mayai na zile nyanya tatu za kesho, zilizokuwa zimeiva kama muuzaji alivyokadiria. Wali uliolala ni mzuri zaidi kwa kukaanga, kwa kuwa punje zimekauka na kushikamana kidogo tu. Kisha tukatembea mjini hadi jioni.

Nyumba hii naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya oveni isiyokuwapo na ya kisu, kwa sababu kisu kikali hakimgharimu mwenye nyumba chochote cha kutajika. Ukitaka kupanga nyumba kwa ajili ya kupika, usiridhike na maneno “jiko kamili”. Mwombe mwenyeji picha ya vyombo vikiwa nje ya kabati, muulize aina ya jiko, na muulize kama sufuria zote zinakubaliana nalo. Jibu lake, na muda anaochukua kulitoa, vitakuonyesha mengi. Nami nitapanga tena hapo hapo, ila safari ijayo nitatia kisu changu katika mzigo utakaopakiwa chini ya ndege.

Chumvi na mafuta yaliyosalia tuliyaacha kabatini. Dada aliigeuza risiti yake, akaandika kwa herufi kubwa katika nafasi iliyobaki, kwa Kiingereza ambacho mgeni ajaye huenda akakielewa, kwamba sufuria kubwa haifanyi kazi kwenye jiko hili na kwamba swichi ya jokofu iachwe kwenye namba 4, akaibandika mlangoni pa jokofu kwa ile ile sumaku.