Vya kulalia safarini kwenye joto: anza na neti, slipingi begi iwe ya mwisho

Mtu akipanga safari ya Pangani, Kilwa au Lamu utasikia anaulizia slipingi begi kwanza. Jamani hapana. Pwani usiku wa Januari joto linacheza kwenye nyuzi 25 hivi na unyevu juu, sasa hilo begi zito utaliingia saa ngapi, utaishia kulilalia tu na mgongoni umelibeba safari nzima.

Namba 1 bila ubishi ni neti yako mwenyewe. Gesti nyingi zinazo, ndiyo, ila unaikuta imetoboka au fupi haifiki kuchomekwa chini ya godoro, na mbu akikuta kiwiko kimegusa neti anakuuma hapohapo kupitia tundu. Zile za duara zenye ringi ni za nyumbani, ringi haiingii kwenye begi. Chukua ya pembe nne au ya kutundika kwa kamba moja, iwe na dawa tayari, na ya poliesta inakunjika vizuri kuliko ya polietilini. Ongeza kamba ya mita kama 5 maana msumari haukai juu ya kitanda ulivyotaka wewe. Ikiwa mpya itundike kivulini siku nzima kabla ya kuilalia, ukiifua tumia sabuni ya kawaida, jiki usiguse, na usiianike juani kwa sababu jua linaua dawa. Ile iliyotengenezwa kudumu na dawa inahesabiwa miaka 3 au mafuo 20 hivi. Na mchana ukijipumzisha shusha neti pia, mbu wa dengi anauma mchana, Dar ilishapata mlipuko 2014 na 2019.

Namba 2 shuka la mfuko. Ya hariri haifiki gramu 200 na inakauka haraka, kama bajeti ipo chukua hiyo. Bajeti haipo? Nenda duka la vitambaa, omba kitambaa cha mashuka cha pamba chenye upana wa sentimita 160, kata mita 2.2, fundi akikunje katikati kwa upana, ashone chini yote na pembeni hadi usawa wa kiuno, juu aache wazi. Unapata mfuko wa upana wa 80, gramu 400 hivi, na shuka la gesti usiloliamini halikugusi tena. Mwambie fundi apige mshono mara mbili pale mwisho wa kiunoni, ndipo panapochanika.

Kikoi naweka namba 3 japo kwa mapenzi ningeweka juu, maana unajifunika, unajifutia maji, kwenye basi la usiku lenye AC kali unajitanda, asubuhi umekifua mchana kimekauka. Kanga pia sawa, ila kwa mtu mrefu miguu inabaki nje.

Cha kulalia chini nunua kama kweli utalala kambini. Mkeka wa ukili una ubaridi wake mzuri sana lakini haukunjiki, ni wa kuviringisha, kwenye bodaboda unasumbua. Godoro la upepo ni jepesi ila linanata jasho, tandika kanga juu yake, na ufukweni kwenye mawe ya matumbawe beba viraka.

Hemoki, kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kati ya miti miwili, inapitisha hewa, ila mbu wanakuuma kwa chini kupitia kitambaa, kwa hiyo lazima iwe na neti inayozunguka kote, na ulale mshazari kidogo mgongo unyooke. Tafadhali usiifunge kwenye mnazi wenye nazi, nazi ikidondoka haichagui.

Slipingi begi basi, kama safari inapanda Lushoto au Njombe mwezi wa 6 au 7, huko baridi ni baridi kweli, chukua nyepesi inayofunguka zipu yote iwe blanketi. Kama ni usiku mmoja tu wa milimani, sweta, soksi na lile shuka la mfuko vinatosha, na gesti ukiomba blanketi la pili wanakupa.