Takwimu za Uingereza kuhusu ugaidi: tathmini kwa wanaofuatilia kesi za Mahakama ya Kahawa

Wakili, mwanahabari au mtetezi wa haki anayefuatilia kesi za ugaidi katika Mahakama ya Kahawa, Nairobi, atafaidika na chombo hiki cha bure, ingawa kinahusu nchi nyingine. Kila robo mwaka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hutoa idadi ya waliokamatwa, walioshtakiwa na walio gerezani kwa makosa yanayohusiana na ugaidi. Hesabu inaanzia 11 Septemba 2001. Faili liko GOV.UK, halidai kujisajili, na linafunguka kwa Excel au LibreOffice.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba aliyekamatwa hapotei njiani. Unaona wangapi walifunguliwa mashtaka, wangapi waliachiliwa bila mashtaka, wangapi wako nje kwa dhamana uchunguzi ukiendelea, na wangapi walichukuliwa hatua nyingine, kwa mfano kukabidhiwa maafisa wa uhamiaji. Walioshtakiwa nao wanatenganishwa: mashtaka ya ugaidi huku, ya makosa mengine kule. Halafu kuna jedwali la muda wa kuzuiliwa kabla ya mashtaka, siku kwa siku, hadi kikomo cha siku 14. Kati ya Julai 2006 na Januari 2011 kikomo kilikuwa siku 28. Polisi wakidai hawawezi kumaliza uchunguzi bila muda mrefu zaidi, hapo ndipo pa kupima dai lao.

Soma karatasi ya maelezo kabla ya kunukuu chochote. Jedwali la siku linahusu waliokamatwa chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000 pekee. Waliokamatwa kwa sheria za kawaida, ambazo kikomo chake ni saa 96, wamo kwenye jumla kuu lakini hawamo humo. Ireland Kaskazini haimo kabisa. Na usigawanye walioshtakiwa kwa waliokamatwa katika robo mwaka ya karibuni ukadhani umepata kiwango cha mashtaka: wengi bado wanasubiri uamuzi, na takwimu hurekebishwa matoleo yanayofuata. Tangu kundi la wanaharakati la Palestine Action lipigwe marufuku Julai 2025, idadi ya waliokamatwa imepanda ghafla, kwa hiyo hesabu hiyo ya haraka inapotosha zaidi.

Kosa baya kuliko yote hufanyika kwenye jedwali la magereza. Idadi ya walio gerezani ni ya siku moja tu, mwisho wa robo mwaka. Mahabusu aliyekaa ndani mwaka mzima anaonekana mara nne, kwa hiyo ukijumlisha robo zote nne umemgeuza mtu mmoja kuwa wanne. Linganisha tarehe ile ile, mwaka kwa mwaka.

Sasa tazama tulicho nacho hapa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inairuhusu mahakama kuamuru mshukiwa azuiliwe siku 30, na kuongeza muda hadi jumla ya siku 90. Polisi huomba amri hiyo kabla ya mashtaka, katika faili la maombi lenye nambari yake. Mshukiwa akikaa siku 30 kisha akaachiliwa, hakuna kesi ya jinai inayofunguliwa, na anayehesabu kesi hatamwona kamwe. Hilo ndilo pengo linalotuuma, hasa baada ya vijana waliokamatwa kwenye maandamano ya 2025 kufikishwa Kahawa kwa tuhuma za ugaidi. Ripoti ya mwaka ya Mahakama haizibi pengo hilo, wala Utafiti wa Kiuchumi wa KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu, unaotenganisha wafungwa na mahabusu. Tena ya kwanza hufuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, na wa pili mwaka wa kalenda. Usitoe namba ya huku kwenye ya kule.

Tumia jedwali la Uingereza kama kielelezo cha barua yako ya kuomba takwimu. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Taja miezi unayoitaka, kisha omba idadi ya maombi ya kuzuilia washukiwa, siku zilizoombwa, siku zilizotolewa, na matokeo: mashtaka ya ugaidi, mashtaka mengine, au kuachiliwa. Usiombe majina wala maelezo ya uchunguzi, kwa maana hapo utajibiwa kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala pamoja na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.